Sinia la Hamidi kwenye Kioo Kikubwa

Singida mjini
3 Juni 2024

Binamu Mrisho,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima na nyuki wa Rungwa hawajakuvimbisha uso, ingawa kwa uso uliojaliwa wewe sijui nani angegundua. Huku hatujambo. Baba yako, Mjomba Rahimu, goti bado linamsumbua, lakini ulimi uko salama. Kila jioni anakaa kwenye kibaraza cha duka la Hamidi anagombana na wapita njia kuhusu alizeti. Mwanangu ameota meno ya chini na ameshamng'ata kila mtu wa nyumba hii. Upepo wa huku nao umeanza. Tukianika nguo tunaenda kuziokota kwa jirani.

Nimekupigia simu mpaka nimechoka kuambiwa haipatikani. Tangu kaka Hamidi azikwe hakuna aliyekusikia, na hitima ya ndugu yetu tumeisoma bila wewe. Mama akiulizia namwambia huko msituni hakuna mtandao. Sasa Godfrey, yule dereva wa pikapu la asali, kaniambia anakukuta kambini kwa Emilian mfuga nyuki kila akija kupakia, na kwamba barua atabeba. Basi ndiyo hii.

Shida yangu ni ile kompyuta ya Hamidi. Wewe ndiye uliyetoa Windows ukatuwekea hiyo Linux yako, ukaapa mbele ya Hamidi na mimi kwamba haitatusumbua tena. Imesumbua, Mrisho, na imechagua pa kusumbulia.

Macho ya Mama yamezidi. Mtoto wa jicho amefunika la kulia lote, la kushoto anaona vitu vikubwa tu tena kwa karibu. Hospitali wamempangia upasuaji mwezi wa tisa, na mume wangu kaniruhusu nisirudi Dodoma mpaka atibiwe. Mama alikubali vizuri tu. Akaomba kitu kimoja, kwamba wakati anasubiri nimwonyeshe Hamidi kwenye video ya harusi yangu, pale anapoingia ukumbini na sinia la pilau kichwani bila kulishika, anacheza, na shangazi zangu wanamkimbilia wakidhani litaanguka.

Kwenye kompyuta haoni, picha ni ndogo. Nikabeba kile kioo kikubwa cha dukani, mfano wa televisheni, nikakiunganisha kwa waya kama alivyokuwa akifanya Hamidi mwenyewe. Picha ikatoka kote kuwili. Mama akavuta kigoda mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

Sijui nikuandikieje. Hamidi akatokea mlangoni na sinia lake, amesimama, mzima. Alipoanza kutembea kwenda upande, akakatika. Mstari umelala shingoni, kichwa na sinia vimebaki nyuma, mwili umetangulia. Akipiga hatua nyingine, hivyo hivyo. Akisimama, kichwa kinarudi mahali pake. Mama alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia. Mimi nilifika kutoka Dodoma mmeshatoka makaburini, lakini najua kwamba hata siku ile hakulia kwa sauti, wote walimshangaa. Safari hii alilia kama anachinjwa yeye. Akanisukuma, akang'oa waya ukutani. Majirani waliingia na rungu wakidhani tumevamiwa. Mimi mwenyewe mpaka sasa nikifumba macho nakiona kichwa kile kimebaki peke yake na sinia.

Tangu hapo haingii chumba kile, na upasuaji kaukataa. Anasema, "Nifunguliwe macho nione nini? Yale?" Mjomba kambembeleza, imamu kaja kambembeleza, wapi.

Nimeangalia peke yangu kwenye kioo kidogo cha kompyuta: picha haikatiki hata kidogo. Ni kwenye kikubwa tu. Niambie la kufanya, Mrisho. Nataka amwone mwanawe mzima, ili akubali kutibiwa. Akikosa zamu hii sijui ataipata lini nyingine, na jicho la kushoto linakwenda.

Wako,
Swaumu


Kambini, Rungwa
20 Juni 2024

Swaumu binamu yangu,

Waaleikum salaam. Barua nimeipata kutoka kwa Godfrey, imenuka asali na dizeli lakini inasomeka. Mwambie Shangazi, mama yako, shikamoo nyingi. Mwambie na Baba shikamoo, na goti asiliweke kwenye upepo. Mimi ni mzima. Emilian amenifundisha kupanda mti na moshi mkononi, na nyuki wamenionja lakini si sana. Simu iliingia maji, ndiyo maana.

Nimesikitika sana. Nimeisoma barua yako nikaiweka chini, nikaenda mizingani, nikarudi nikaisoma tena. Samahani kwa mwandiko.

Nianze na kompyuta. Usiogope, hakuna jini. Kioo cha kompyuta huchora picha kutoka juu kwenda chini, mstari baada ya mstari, upesi kuliko jicho. Sasa wewe una vioo viwili, na kila kimoja kina mwendo wake. Kompyuta inafuata mwendo wa kile kidogo. Kikubwa kinakuwa bado katikati ya kuchora, mara kinaletewa picha inayofuata. Juu kinakuwa kimeshachora ya zamani, chini kinamalizia na mpya. Mtu akisimama picha mbili hizo zinafanana, huoni kitu. Akitembea, juu anakuwa pale alipokuwa na chini anakuwa pale alipofika. Mstari hukaa mahali pamoja kama mwendo wa vioo umekaribiana, na huyo ndugu yetu kwa urefu wake, basi ukampita hapo.

Fungua mipangilio, tafuta sehemu ya skrini, chagua kile kikubwa, kisha angalia namba zenye herufi Hz. Ifanye ilingane na ya kile kidogo. Naandika kwa kukumbuka, huku sina kompyuta.

Sasa na mimi nina maswali, unijibu. Una hakika mstari unapita shingoni? Si kifuani, si usoni? Na Shangazi alipopiga ukelele alisema neno gani, hilo hilo alilosema? Kuna mtu yeyote amekuja kumwambia kitu? Nijibu hilo kwanza kabla ya mengine.

Mrisho


Singida mjini
4 Julai 2024

Binamu,

Assalaam aleikum. Asali uliyompa Godfrey tumeipata, Mama kaionja kwa kidole akasema ni ya miti ya huko kweli, si ya sukari. Hilo ndilo neno pekee la furaha alilosema wiki hii. Mtoto hajambo. Mjomba kaanza kutembea na fimbo na sasa anaitumia kuwanyooshea watu.

Nimefanya ulivyosema. Nimetafuta hizo namba, nimezilinganisha, nimebonyeza kukubali. Nikafunga mlango nikaweka video. Ee Mungu wangu. Mstari sasa hautulii. Unaanza shingoni, unashuka taratibu mpaka kiunoni, unapotea miguuni, halafu unatokea tena juu kwenye sinia na kuanza kushuka upya. Hamidi anacheza huku anakatwa vipande. Nilizima nikakaa sakafuni, mimi mtu mzima niliyezaa. Nikarudisha ilivyokuwa. Afadhali shingo peke yake kuliko mwili mzima.

Maswali yako. Ndiyo, shingoni, chini kidogo ya kidevu. Mama alisema, "Na huku pia?" Alisema hivyo tu, "Na huku pia?" Sikuelewa. Nilidhani kapagawa.

Na hilo la mtu kumwambia kitu, amwambie nini? Hamidi aligongwa njiani akitoka Mkiwa na pikipiki yake, akaumia ndani ya kichwa, damu ikavilia. Ndivyo mlivyoniambia nilipofika, wewe ukiwa umesimama nyuma ya Mjomba unaangalia viatu vyako. Jana nimemuuliza Mjomba, "Mrisho anaulizia kama kuna mtu kamwambia Mama kitu, kitu gani?" Mjomba kaacha chai yake mezani, kaondoka bila fimbo.

Mimi si mtoto, Mrisho. Niandikie vizuri.

Swaumu


Kambini, Rungwa
26 Julai 2024

Swaumu,

Salaam. Sisi wazima. Shikamoo kwa Shangazi na Baba.

Namba hizo ziache. Njia nyingine ni hii: kifunge kile kioo kidogo, kibaki kikubwa peke yake. Kompyuta ikiwa na kioo kimoja itafuata mwendo wa hicho kimoja.

Godfrey ana haraka, anawasha gari. Mengine Mungu akipenda.

Mrisho


Singida mjini
9 Agosti 2024

Mrisho,

Leo sikuulizi habari za nyuki.

Ulisema nikifunge kile kioo kidogo. Nikakifunga kanga, ile nzito ya Mama, mara mbili, mpaka mwanga hautoki. Hamidi bado anakatika. Nikafikiri labda kompyuta inahisi, nikashusha kifuniko chake kabisa, vioo vyote vikazimika, kompyuta ikalala fofofo. Cheka ukitaka. Najua ulimaanisha kitu kingine, lakini ukimwandikia mtu mistari miwili huku gari linaunguruma, mtu huyo atafunika kompyuta kanga.

Nilikaa pale na kanga mkononi, nikajiuliza kwa nini Mrisho, aliyeweza kunieleza habari za mstari ukurasa mzima, ameshindwa kunijibu swali moja. Nikanyanyuka nikaenda kwa jirani yetu Saada. Yeye shemeji yake ana kibanda pale njiani kati ya Mkiwa na hapa mjini, nikajua kama kuna cha kujua yeye anakijua. Nikamwambia uongo. Nikamwambia, "Saada, Mrisho ameniandikia yote."

Saada akaweka ungo chini. Akasema, "Alhamdulillah, mzigo umenitoka. Tuliambiwa na wazee tusifungue mdomo mbele yenu. Lile lori la mabati, mwenzangu. Bati lilichomoka kwa upepo, yeye yuko nyuma na pikipiki." Akajishika shingo kwa kiganja.

Nilirudi nyumbani nikipita madukani kwa watu walionisalimia vizuri, muuza vitunguu, fundi cherehani, mwenye bucha, na kila mmoja namwangalia najiuliza na wewe ulijua? Na wewe? Wamekuja kula pilau ya hitima kwetu, wamemshika Mama mikono, wote wanajua mwanawe alilala vipi barabarani, isipokuwa mama yake na dada yake.

Ni kweli, Mrisho? Niandikie kwa mkono wako ni kweli au si kweli. Na kama ni kweli, mnafahamu mmefanya nini? Mama alikuwa hajui kitu, kabakiwa na sura ya mwanawe akiwa mzima, halafu mashine uliyoitengeneza wewe ikamwonyesha kile kile mlichomficha, mahali pale pale. Atasema ni ishara. Nani atamtoa hapo? Mwezi wa tisa umefika mlangoni, hospitali wametuma ujumbe tuthibitishe tarehe, na yeye anapapasa kuta kwenda msalani.

Sina cha kumsalimia mtu.

Swaumu


Kambini, Rungwa
28 Agosti 2024

Swaumu dada yangu,

Assalaam aleikum. Barua yako imenikuta na imenistahili. Nimeisoma mbele ya Emilian, akaniona, akanitolea kiti.

Ni kweli.

Nilikuwa dukani kwangu nabadilisha kioo cha simu ya mtu alipokuja kuniita Baba. Hospitali walikuwa wamemfunika. Wazee wakasema mama yake asijue, mtu amempoteza mume na sasa mtoto wa kiume wa pekee, asiongezewe na hilo. Alfajiri tukamwosha kule uani nyuma ya pazia. Baba alimwaga kata moja ya maji, akatoka, hakurudi. Tukabaki mimi na mzee mmoja wa msikitini ambaye mikono yake inatetemeka kwa umri. Kwa hiyo ilikuwa mimi. Hii mikono ya kutengenezea simu, Swaumu. Nilitumia pamba yote iliyokuwepo na bandeji, nikamweka sawa, nikainua kidevu, nikashusha, mpaka akakaa kama amelala. Nilikuwa naongea naye. Nilimwambia, tulia bwana, mama yako anakuja kukuaga.

Unajua tulivyofundishwa madrasa. Aliyemwosha maiti akaona kitu, kitu hicho hakitoki nje ya lile pazia. Hata kwa mke wake hasemi. Nilikishika hicho kwa meno. Ndiyo maana sikukujibu. Nisingekujibu hata sasa kama barabara nzima isingekuwa imeshakuambia.

Lakini nilivyosoma barua yako ya kwanza, kwamba kichwa kimebaki nyuma na mwili umetangulia, ndipo nilipoiweka chini nikaenda mizingani. Hivyo ndivyo shemeji yake Saada alivyomkuta. Niliuliza maswali yale ya kipumbavu kwa sababu nilitaka uniambie kwamba umekosea, kwamba ni kifuani. Na nikakupa dawa ya namba, wakati fundi yeyote angeanza na hii ninayokuandikia sasa, kwa sababu nilikuwa siwezi kufikiri. Kila nikijaribu kuiwazia kompyuta ile naona uani.

Fanya hivi, na kanga ipumzike. Zima kompyuta, iwashe. Ikifika pale pa kuandika neno la siri, bonyeza jina, halafu kabla hujaandika kitu angalia chini kulia. Kuna alama ya gurudumu lenye meno. Ibonyeze. Utaona machaguo, moja limeandikwa neno Xorg mwishoni. Hilo ndilo nililokuwekea mimi, ni njia ya zamani ya kuchora picha. Niliiweka kwa sababu programu ya mauzo ya Hamidi ilikuwa haikubali mpya. Wewe chagua lile lisilo na neno hilo. Kisha ingia kama kawaida. Njia mpya hukipa kila kioo mwendo wake, hakuna kinachomngoja wala kumkimbiza mwenzake. Picha haitakatika.

Angalia kwanza peke yako. Usimwite Shangazi mpaka umeona sinia limevuka ukumbi wote.

Umeniuliza nani atamtoa hapo. Sijui. Mimi siwezi kuja. Kuja huko lazima nipite mbele ya Mkiwa, na pale sipiti. Nilipita siku niliyokimbilia huku, ndani ya gari, nimeinamisha kichwa kwenye magoti. Na hata nikifika, nitamwangaliaje Shangazi? Aliinama kumbusu mwanawe mbele yangu na mimi nikasimama namdanganya kwa kazi ya mikono yangu.

Nisamehe kama unaweza.

Mrisho


Singida mjini
13 Septemba 2024

Ndugu yangu Mrisho,

Assalaam aleikum warahmatullah. Leo nakusalimia kwa ukamilifu, na salaam zimetoka kwa kila mtu: Mjomba, Saada aliyeniomba radhi, mwanangu anayejaribu kusimama, na Mama. Za Mama nimeziweka mwisho. Kaa chini kama umesimama.

Gurudumu nimeliona, nimelibonyeza, nimechagua. Nilifunga mlango nikaweka video. Hamidi akatokea, akasimama, akaanza kutembea. Mrisho, hakukatika. Alivuka ukumbi wote, kaka yangu, shingo ndefu ile, sinia limetulia kichwani kama limezaliwa pale, jasho linamtoka, na Mjomba anaonekana kwa nyuma akipiga kelele litaanguka, litaanguka. Niliangalia mara nyingi. Nililia kwa sauti, na sauti hiyo ndiyo iliyomleta Mama.

Alisimama nje ya mlango. "Umemrudisha?" Nikamwambia, "Mama, amerudi mzima. Mrisho ametengeneza." Akasema, "Unanidanganya na wewe?" Nikasema naapa. Akaingia akipapasa ukuta, akakaa kwenye kigoda, akasogeza pua. Hamidi akapita. Mama akafuata kwa kidole kwenye kioo, kutoka mlangoni mpaka mwisho wa ukumbi, kidole kikiwa pale pale chini ya kidevu. Hamidi aliposimama, Mama akasema nirudie. Nikarudia. Akasema tena.

Halafu akasema jambo lililonimaliza. Nakuandikia kama alivyolisema, maana kaniambia nisipunguze.

"Swaumu, mimi nilijua. Tangu siku ile ile. Waliniambia mbusu, usimsumbue. Mimi ni mama yake, nitambusuje bila kumshika? Mkono ukapita chini ya kidevu nikakuta pamba. Pamba nyingi. Nikabonyeza kidogo, nikajua. Nikainua macho, nikamwona Mrisho kasimama mlangoni, kanzu imelowa mpaka magotini, anaangalia mkono wangu. Mtoto anaangalia mkono wangu, hapumui. Nikasema moyoni, nikilia kwa hili, huyu atajua kazi yake haikutosha. Nikaondoa mkono. Nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo."

Nikamwambia, "Mama, sasa ule ukelele?" Akasema, "Nilidhani kwenye picha hayajamfika. Nilijiambia, Johari, kuna mahali pamoja mwanao hajafikiwa na lile bati, ni kwenye harusi ya dada yake. Ndiyo maana niliomba nionyeshwe. Halafu nikaona limemfuata na huko."

Sisi tumemficha yeye, yeye kakuficha wewe, mimi nimefichwa na kila mtu, na wote tunakaa nyumba moja tunapitishiana chumvi.

Nikamuuliza kuhusu macho. Kasema atakwenda. Tarehe ishirini na tatu atafanyiwa, na kesho yake asubuhi watamfungua bandeji. Lakini kaweka sharti, na ukimjua Mama hatalipunguza. Kasema, "Sitaki kufunguliwa nikaona daktari, wala sitaki video. Mwanangu nimeshamwona. Namtaka yule aliyemwosha. Akae mbele yangu ndiyo wanifungue. Mwambie kazi yake ilitosha. Mwambie nilimbusu mwanangu akiwa amelala, na aliyemlaza ni yeye."

Usipokuja hatakubali kufunguliwa, na mimi nitamwelewa.

Hiyo barabara ya mbele ya Mkiwa siijui kama unavyoijua wewe, siwezi kukuambia ni rahisi. Naweza kuja kukupokea hapo ukiniambia.

Dada yako,
Swaumu


Mkiwa
22 Septemba 2024

Swaumu,

Assalaam aleikum. Nakuandikia juu ya boneti la gari la Godfrey, njia panda, kalamu ni ya mwenye duka.

Tumefika hapa na jua linazama. Godfrey alitaka tuendelee. Nikamwambia anishushe. Gizani sipiti, nataka nipite mchana, nimekaa wima, dirisha liko wazi. Yeye anaendelea na barua hii atakupa jioni hii hii, ili Shangazi asilale na wasiwasi akadhani nimegeuka njiani. Nimeshakata tiketi ya basi la kwanza asubuhi, iko mfukoni, nimemwonyesha Godfrey akuthibitishie. Usije kunipokea, kaa naye hospitali.

Mwambie Shangazi shikamoo. Mwambie niliuona mkono wake siku ile, na nilipoona ameuondoa bila kulia nilidhani nimefaulu. Nimelifurahia hilo peke yangu miezi yote hii, lilikuwa jambo pekee lililokuwa likinipa usingizi. Sasa najua ni yeye aliyenipa.

Nimelia tangu tulipopita Itigi. Uso umevimba, na safari hii si nyuki. Mwambie kabla hawajamfungua, asije akashtuka.

Mrisho